Mtu wa Kiasi

Haipiti siku katika vitongoji vya Dar es Salaam bila ya neno kiasi kutamkwa kila penye watu wawili. Mnunuzi aliyeinama juu ya mafungu ya nyanya katika soko la Tandika huuliza kiasi gani. Mgonjwa atokaye hospitali ya Mwananyamala, akijuliwa hali na jirani zake, hujibu kwamba hajambo kiasi. Seremala wa Keko huombwa apunguze kiasi upana wa kitanda kwa kuwa chumba ni kidogo. Na mpishi wa pilau huambiwa atie chumvi kwa kiasi, asije akaiharibu shughuli ya watu. Katika kauli hizi zote neno hili ni mtumishi wa vipimo na bei, wala halidai taadhima yoyote. Lakini wazee wa pwani, walipotaka kumsifu mwanadamu mwenzao kwa sifa isiyotegemea mali wala nasaba wala elimu, walilitwaa neno lilo hilo la sokoni wakasema: fulani ni mtu wa kiasi. Sifa hiyo nimeisikia aghalabu mazikoni, mara chache arusini, na sikumbuki kuisikia hata mara moja katika mkutano wa kampeni. Na kwa kuwa naiona inatutoka midomoni taratibu, nami naipenda, nataka niikalie kitako niitafakari.

Asili ya neno ni Kiarabu, ambamo maana yake ni kupima kitu kwa kitu kingine, na wanazuoni wa fikihi wamelifanya istilahi ya kutafuta hukumu ya jambo jipya kwa kulilinganisha na jambo ambalo hukumu yake imekwisha julikana. Basi tangu huko lilikotoka, kiasi si uchache. Kuna kipimwacho na kuna kipimio, na asiyekuwa na kipimio hawezi kuwa na kiasi hata akila tonge moja kwa siku. Waingereza wana kivumishi chao cha kumweleza mtu ajizuiaye, nao humpachika nacho kama wanavyompachika urefu au unene. Sisi husema mtu wa kiasi, kama tusemavyo mtu wa Temeke au mtu wa Mafia, yaani mwenyeji wa mahali, ajulikanaye atokako na arejeako. Waliofasiri Biblia kwa Kiswahili walilichagua neno hili lifunge orodha ya matunda ya Roho katika waraka wa Paulo kwa Wagalatia. Na Shaaban Robert, alipomwita shujaa wa kitabu chake cha mwaka 1952 kwa jina la Adili, alitumia jina ambalo shina lake la Kiarabu huzaa pia neno la wastani, kwa kuwa katika lugha ile uadilifu na kutopindukia ni ndugu wa mzizi mmoja.

Siku hizi, hata hivyo, neno limepewa kazi iliyo kinyume na tabia yake. Magazeti huandika kwamba jambo limeharibika kwa kiasi kikubwa, na kijana wa Sinza akisimulia arusi iliyofana husema watu walijaa kiasi kwamba hapakuwa na pa kutia mguu. Kisarufi hakuna kosa, nami sina ugomvi na wasemaji; nasema tu kwamba masikio yaliyozoea kulisikia neno kiasi likitangulia kila kupindukia huenda yakalipoteza katika maana yake ya kwanza.

Kabla ya kwenda mbele yanipasa niondoe dhana moja ambayo huhubiriwa sana na watu wenye shibe. Katika maduka ya Mbagala, Buza na Manzese mafuta ya kupikia huuzwa kwa kupimwa, kipimo kidogo kwa mboga ya siku moja. Sukari hufungwa robo kwa robo. Mkaa huuzwa kwa kopo, na aliyenunua kopo la leo hajui la kesho litatoka wapi. Wako wanaoutazama uchumi huu wa vipimo vidogo wakasema: tazameni maskini wetu walivyo watu wa kiasi. Hasha! Mama anunuaye kipimo kimoja cha mafuta hakujizuia, amezuiwa. Kumsifu kwa jambo ambalo hakulichagua ni kumdhulumu mara ya pili, maana kwanza amekosa mafuta, kisha ananyimwa hata haki ya kulalamika kwamba ameyakosa. Fauka ya hayo, mafuta ya kupima, yakijumlishwa kwa mwezi, humgharimu zaidi kuliko yamgharimuvyo jirani awezaye kununua dumu zima, na hesabu hiyo aijua vizuri kuliko wahubiri wake. Kiasi huanza penye wasaa, pale ambapo mkono ungeweza kuchukua zaidi ukarudi kwa hiari yake. Mama huyo huyo aweza kuonekana kuwa mtu wa kiasi siku zamu yake ya mchezo itakapofika, akabidhiwe kwa mkupuo mmoja fedha za wanawake wenzake wote, na atokapo nazo barazani ajue la kununua na la kuacha. Siku hiyo ndipo tumsifu.

Aristotle, ambaye wanafalsafa wa Kiislamu walimwita Mwalimu wa Kwanza, aliliona jambo hili. Alifundisha kwamba fadhila hukaa katikati ya maovu mawili, la kupungua na la kuzidi, lakini akaonya kwamba katikati hapo hapapatikani kwa hesabu: ikiwa ratili kumi za chakula ni nyingi na mbili ni chache, mwalimu wa mieleka hatampa kila mtu ratili sita, kwa sababu sita ni chache kwa Milo, bingwa wa mieleka, na ni nyingi kwa kijana aliyeanza mazoezi jana. Kwa hiyo ambaye humtazama mwenzake akasema, kula kama nilavyo mimi, vaa kama nivaavyo mimi, huyo hajafika penye kiasi. Amefika penye ubinafsi tu. Na ambaye hufungia fedha zake kabatini ilhali watoto wake huenda shuleni bila ya viatu, akajiita mtu wa kiasi, naye pia amejitwalia jina lisilo lake: Kurani, katika Sura ya Al-Furqan, imeukataza ubahili pale pale ilipoukataza ubadhirifu.

Sasa, kipimio ni kipi? Swali hili ndilo lililonisukuma kuandika, na jawabu langu nimelipata katika majengo yetu kuliko nilivyolipata katika vitabu. Nyumba ya Kiswahili ya mjini, ile ya vyumba sita vinavyotazamana, ujia katikati, uani nyuma na baraza mbele, ndiyo iliyowalea wengi wetu wa Magomeni na Temeke, vitongoji ambavyo serikali ya kikoloni ilivipima na kuvigawa kwa makazi ya Waafrika baada ya Vita Kuu ya Pili. Katika nyumba kama hiyo wapangaji wanne au watano, kila mmoja na aila yake, hushiriki choo kimoja, bomba moja, kamba moja ya kuanikia nguo, na siku hizi mita moja ya umeme. Mita hiyo huitwa LUKU, ambayo ni kifupi cha Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Na sidhani kwamba aliyelibuni jina hilo alifikiri ni fitina kiasi gani itakayotoka katika neno moja la kadri. Maana mita hujua ni uniti ngapi zimekwisha, lakini haijui ni za nani. Mpangaji wa chumba cha mbele ana friji ya kugandishia barafu za kuuza. Wa chumba cha pili ana pasi na hupiga nguo zake za kazi kila alfajiri. Bibi wa chumba cha uani ana taa moja, naye huizima mapema ili asisumbue macho yake. Wakichanga sawa, bibi amedhulumiwa. Wakichanga kwa vyombo, wataanza kuhesabiana feni na simu. Hakuna hakimu awezaye kuimaliza kesi hii. Humalizwa na mtu mmoja tu, yaani yule mwenye friji ambaye, bila ya kuulizwa, hutoa zaidi ya wenzake, na usiku akiona taa ya ujiani inawaka bure huinuka akaizima, ingawa ile taa si yake peke yake na hapana amwonaye.

Mtu huyo hakuwa na sheria mbele yake wala mizani mkononi. Alichokuwa nacho ni bibi wa chumba cha uani. Alijiuliza starehe yake itamfikaje yule aliye upande wa pili wa ukuta, na akajikata pale ambapo starehe ingeanza kumwumiza. Kwangu mimi hapo ndipo ilipo maana ya kiasi: kipimio chake ni jirani. Ajizuiaye kwa ajili ya afya yake ana busara, na ajizuiaye kwa ajili ya akiba ana hesabu nzuri, nami nawaheshimu wote wawili; lakini wazee waliposema mtu wa kiasi hawakuwa wakitazama sahani yake wala mfuko wake, walikuwa wakitazama nyuso za watu walioishi karibu naye.

Mtihani mkubwa wa kiasi hicho katika zama zetu ni sauti. Katika sensa ya mwaka 2022 Temeke ilihesabiwa kuwa na watu 1,346,674 na Kinondoni watu 982,328, na sehemu kubwa yao hulala katika nyumba ambazo mapaa yake yanakaribia kugusana. Katika msongamano huo mtu mmoja mwenye spika mbili ana mamlaka kuliko balozi wa nyumba kumi alivyopata kuwa nayo: aweza kumnyima usingizi mgonjwa, mzazi aliyejifungua juzi, mwanafunzi wa kidato cha nne, mlinzi aliyerejea kutoka lindo, na mama wa genge ambaye saa kumi alfajiri yampasa awe njiani kwenda kununua mboga kwa jumla. Vigodoro, zile shughuli za usiku ambazo Mwananyamala, Tandale na Manzese zinazijua, zimepigwa marufuku na wakubwa mara nyingi, na kila mara zimerejea. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na mwaka 2023 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilifunga mabaa na kumbi kadhaa jijini kwa sababu ya kelele. Nafurahi kwamba sheria ipo. Lakini mwenye baa huizima sauti akimwona ofisa, na huirudisha gari la ofisa likiisha pinda kona, kwa sababu kipimio chake ni faini, na faini haikai ukuta wa pili ikimsikiliza.

Wala sisi watu wa ibada tusijitenge na lawama hii. Luqman, katika wasia wake kwa mwanawe uliomo ndani ya Kurani, alimwambia ainamishe sauti yake. Na injili haipati nguvu zaidi kwa kuhubiriwa usiku wa manane kupitia vipaza sauti vinne vilivyoelekezwa kwenye madirisha ya watu ambao hawakuja mkutanoni. Nayasema haya kwa uchungu, kwa kuwa mahali ambapo kiasi hufundishwa ndipo palipopasa kutangulia kukitenda. Nakumbuka wazee wa Mwananyamala ambao, wakiwa na arusi, walipita nyumba kwa nyumba siku moja kabla, kofia mkononi, kuomba radhi kwa usumbufu utakaokuwapo, na wakisikia kwamba nyumba fulani ina mgonjwa mahututi, ngoma ilihamishwa au ilinyamazishwa mapema. Hapana aliyewaandikia kanuni ile.

Arusi yenyewe nayo ina habari yake. Si kweli kwamba ushindani wa fahari umekuja na zama hizi za kumbi na mapambo. Ngoma ya beni, iliyozaliwa katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea hadi Dar es Salaam na bara, ilikuwa na vyama vyake viwili vya Marini na Arinoti, navyo vilishindana kwa sare, kwa bendi na kwa karamu, hata watu wakaingia deni ili wapinzani wao waaibike. Basi tumerithi ugonjwa, hatukuuzua. Kilicho kipya ni kwamba deni la fahari halikai tena juu ya mwenye shughuli. Limegawiwa kwa jamaa, majirani na watu aliosoma nao. Kadi ya mchango huja na kiwango kilichokwisha andikwa, cha mtu mmoja na cha watu wawili, na jina la anayechelewa husomwa kikaoni au hutajwa katika kundi la WhatsApp. Na kabla ya arusi kuna kicheni pati, na kabla yake au baada yake kuna sendofu, kila moja na kamati yake, sare yake na ukumbi wake. Mchango ulianza kuwa ihsani, watu wakimbebea mwenzao mzigo uliomzidi. Sasa mzigo hupangwa uwe mkubwa kwa makusudi kwa kuwa wabebaji wapo. Mwalimu wa shule ya msingi wa Chang'ombe ambaye katika mwezi mmoja hupokea kadi tatu hana njia ya kukataa bila ya kuvunja udugu, naye hukopa ili asionekane mchoyo. Arusi iliyolipiwa kwa mkopo wa mtu ambaye hata hakuoa imepita mpaka, iwe imefana namna gani.

Najua nitajibiwa kwamba furaha ya watu wa kawaida ni chache, kwamba mtu aliyesongwa na kazi ya kutwa kwa miaka ishirini ana haki ya usiku mmoja wa kung'aa, na kwamba mwenye kumkataza usiku huo ana roho ya korosho. Hoja hii ni nzito, na wanaoitoa mara nyingi wana huruma kuliko wanaohubiri akiba. Mimi sitaki ngoma zife. Kitongoji kisichokuwa na vigelegele ni kitongoji kigonjwa, na bibi wa chumba cha uani mara nyingi ndiye anayeanza kucheza. Ninachokidai ni kwamba usiku wa kung'aa wa mmoja usiwe mwezi wa giza wa wengine.

Kuhusu viongozi, nitataja machache. Magomeni Mikumi ipo nyumba ambayo sasa ni makumbusho, ambako Mwalimu Julius Nyerere aliishi katika miaka ya kupigania uhuru, baada ya kuacha kazi ya ualimu huko Pugu mwaka 1955. Mwezi wa Oktoba mwaka 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, aliwafukuza chuoni kwa mamia, na wakati uo huo akatangaza kuukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kufukuza kule kumehojiwa na kutahojiwa. Lakini kule kukata ndiko kiasi kwa maana niliyoieleza, kwa kuwa aliupima mshahara wake kwa kipato cha mkulima, ambaye hakuwapo chumbani kumdai. Mwaka uliofuata Azimio la Arusha liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni na nyumba za kupangisha. Na mwaka 1991, kwa uamuzi uliofanyika Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa, na waliokuwa wakiyasubiri yalegezwe walionekana mara moja. Mwaka 2015 Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba, watu wakafanya usafi, na shilingi bilioni 4 zilizokuwa zitumike zikaelekezwa kupanua barabara kati ya Morocco na Mwenge, hapa hapa Kinondoni. Barabara ipo, nasi twaipita, na ni jambo jema. Hata hivyo katika habari zote mbili, ya 1967 na ya 2015, naona udhaifu mmoja: kiasi kilichoamriwa hudumu maadamu mwamrishaji yupo, na akiondoka huwa kama hakikupata kuwapo. Kile cha mshahara wa 1966 hakikuamriwa na mtu.

Kwa hiyo sitamwomba mkuu wa wilaya wala waziri. Naomba kwako wewe, ndugu msomaji, ambaye huenda mwezi huu umechaguliwa kuwa mjumbe wa kamati ya arusi huko Tabata, Mtoni au Kijitonyama. Katika kikao cha kwanza, kabla ya ukumbi kutajwa na kabla ya mpambaji kuleta picha zake, mwombe mwenyekiti ampe nafasi ya kwanza ya kusema yule mwenye kipato kidogo kuliko wote waliohudhuria, naye ataje mchango ambao ataweza kuutoa bila ya kukopa, na huo ndio uwe kiwango cha kadi. Kisha mtume kijana mmoja kwa majirani wa nyumba itakayopigwa ngoma, awaulize kama pana mgonjwa au mtoto mchanga, na saa watakayoitaja ndiyo iwe saa ya kuzima muziki. Mkiisha yapata hayo mawili, fungueni daftari muanze kuandika bajeti.